Idrojeli ya vidonda ya tyubu: tumeitumia kwa muguu wa mama mukubwa hapa Goma, haya njo maoni yangu

Idrojeli ni jeli yenye kujaa maji, inawekwa kwenye kidonda ili kisikauke. Nianze na jibu kwa wenye haraka, wale wako farmasi sasa hivi na tyubu mukononi na wanajiuliza kama watoe pesa ao waache. Kidonda kikiwa kikavu, kiko na ganda jeusi ao ile nyama ya njano imeng'ang'ania chini haitoki ata ukisafisha namna gani, na muganga amekwisha kuhakikisha damu inafika vizuri pale, nunua, pesa yako haipotei. Kidonda kikiwa kinatoa maji mengi mupaka bande inalowana, usinunue, utakiharibu zaidi. Na kama unatafuta kitu cha kuua mikrobe, rudisha kwenye etajeri, juu hii jeli ya kawaida haina dawa ya mikrobe ndani yake. Hapo njo watu wengi wanachanganyikiwa, na wauzaji wanawaacha hivo hivo, juu inauzika haraka ikiitwa "dawa ya vidonda ya Ulaya".

Sisi tuliitumia kwa mama mukubwa. Ako na sukari tangu zamani, na wenye kuishi na mugonjwa wa sukari munajua, kunafika wakati nyayo hazisikii tena, mishipa ya fahamu inachoka polepole, mutu anakanyaga kitu na hajui. Na Goma yetu munaijua, mawe ya volkano iko kila pahali, kwenye parseli, kwenye avenyi, mbele ya mulango, na iko makali kweli. Yeye anauzisha unga soko la Virunga, kajiwe kakaingia kwenye kiatu asubuhi, kakakaa chini ya kisigino siku nzima akitembea na akisimama, jioni binti yake anamuvua kiatu njo anaona soksi ina damu. Hakusikia kitu. Kidonda chenyewe hakikuwa kikubwa lakini kikakataa kupona, nyumbani wakaweka vyole (ile dawa ya maji ya rangi ya zambarau), kisha poda ya kapsile, kisha wakakiacha wazi kipigwe na jua "kikauke", na kweli kikakauka, kikafanya ganda gumu jeusi, pembeni njano, na chini ya lile ganda hakuna kilichokuwa kinasonga mbele.

Hii mambo ya kukausha vidonda nataka nikae nayo kidogo, juu njo inaua vidonda vya wazazi wetu. Tumekuzwa tukiambiwa kidonda kikikauka kimepona, na kwa mukwaruzo mudogo wa mutoto haileti shida, ganda linaanguka lenyewe na maisha inaendelea. Lakini mwaka wa 1962 kuna mutafiti wa Uingereza, George Winter, alitoa majibu yake kwenye gazeti la Nature, alikuwa amefanya vidonda vidogo kwenye mugongo ya nguruwe, vingine akaviacha wazi kwenye hewa, vingine akavifunika na plastiki nyepesi visikauke, na vile vilivyofunikwa ngozi yao ilifunga kwa haraka karibu mara mbili kuliko vile vya wazi. Sababu yake ukiisikia mara moja hutaisahau: ngozi mupya haitoki chini ikipanda juu, inatambaa kutoka pembeni ikienda katikati, seli moja moja, na seli hizo haziwezi kutambaa pahali pakavu, zikikuta ganda inabidi zichimbe njia kupita chini yake mupaka zipate unyevu. Kidonda chenye unyevu kiasi, zinateleza tu. Kwa hiyo ukimwona jirani anapepea kidonda kikubwa na kadibodi ili kikauke, ujue anakifungia njia. Tangu 1962, na bado kwenye kartie zetu poda njo mufalme.

Unyevu kiasi, siyo kuloa. Hapo njo kazi yote ya hii jeli iko.

Sasa kitu chenyewe. Tyubu yetu ilikuwa ya gramu 15, jeli ndani inaangaza sawa maji, haina rangi, haina harufu, nzito kidogo, ukiiweka haikimbii. Kwenye kartoni wameandika vitu vitatu tu: maji, propileni glikoli, na kaboksimethiliselulozi, hii ya mwisho inatoka kwenye selulozi, ile ile inayofanya mbao na pamba, wameibadilisha kidogo ipende maji. Nyuzi zake ndefu ndefu zinashikana, zinafanya wavu, na maji inakaa ndani ya wavu haitoki kwa urahisi. Sehemu kubwa sana ya ile tyubu ni maji tu. Wengine watasema basi nimelipa dola 9 kwa maji, na ndiyo, umelipa maji, lakini maji yenye kukaa pahali umeiweka, haimwagiki, haikauki kwa saa moja, inaingia polepole kwenye lile ganda na kulilainisha, na kidonda kikiwa na majimaji kidogo wavu huo huo unayameza. Kama unataka kuona ndugu yake, fungua pampers ya mutoto ikiwa imetumika, zile punje laini ndani, ile ni poliakrileti ya sodiamu, ukoo uleule wa idrojeli, wenye kunywa maji mara mingi kuliko uzito wake.

Na siyo kitu cha jana. Idrojeli za kwanza za kuwekwa kwenye mwili wa mutu zilitoka Prague, kwa wanakemia wawili, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, makala yao ilitoka 1960, wakisema hii plastiki yenye kunywa maji inaweza kukaa ndani ya mwili bila kuleta fujo. Wichterle alikuwa anafikiria macho, na wakati wa Noeli ya 1961, akiwa kwake nyumbani, kwenye meza ya jikoni, alifunga mashini na vyuma vya muchezo wa watoto unaoitwa Merkur na dinamo ya baiskeli, akazungusha matone ya jeli mupaka yakawa lensi laini za macho. Zile lensi watu wanavaa leo zimetoka pale. Mimi hiyo hadithi inanifurahisha sana, juu hapa kwetu ndugu zetu wanatengeneza chukudu kwa mbao na mupira wa gari na zinabeba mizigo ya muji muzima, sasa mutu akiniambia sayansi ni ya watu wenye majumba ya vioo peke yao, namuonyesha ile dinamo.

Turudi kwenye muguu. Enfirmie (muuguzi) wa santre ya afya, mama moja mutulivu sana, kabla ya kuandika kitu aliweka vidole viwili juu ya muguu wa mama mukubwa, pale kwenye mugongo wa nyayo, akatafuta mupigo wa damu, akanyamaza, kisha akatafuta nyuma ya kifundo pia. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama, muguu wenye hauna damu ya kutosha, ganda jeusi kavu tunaliacha kavu, ukililainisha unafungulia mikrobe mulango na hakuna damu ya kuja kupigana. Hii ni kitu haijaandikwa kwa herufi kubwa kwenye kartoni na ilipashwa kuandikwa, juu wagonjwa wa sukari wengi wako na mishipa ya damu imeziba miguuni. Kwa hiyo kabla ya kutoa dola hata moja, mutu mwenye kujua aguse huo mupigo. Kwa mama mukubwa ulikuwepo, wazi.

Namna ya kuiweka ilikuwa hivi. Anaosha na serumu ya chumvi, siyo oksijene, siyo javel, serumu tu, anapangusa ngozi ya pembeni mupaka ikauke kabisa, hiyo ni lazima, anapaka pomada ya zinki kwenye ile ngozi nzima inayozunguka juu maji ya jeli ikiipata siku nzima inaifanya nyeupe, inakunjamana, inaanza kutoka. Kisha anakata ncha ya tyubu, haigusishi kidonda, anakamua jeli inajaa lile shimo mupaka unene kama nusu ya sentimeta, inakaa pale inang'aa, unaona ganda jeusi kupitia ndani yake. Juu yake kompresi isiyoshika, juu bande. Mama mukubwa mwenye hasikii kitu kwenye kisigino alisema pembeni, pale usikivu umebaki, anasikia baridi nzuri. Kwa wale wenye kusikia maumivu hiyo baridi inasaidia kweli, na kubadilisha pansema hakuumi juu hakuna kitu kimegandamana na nyama, ukilinganisha na gazi kavu ile tunang'oa mutu akilia, ni mbingu na nchi.

Inabadilishwa kila siku moja mupaka tatu, kulingana na kidonda. Pale mara ya kwanza kufungua, jiandaeni. Mule ndani tulikuta kitu cha njano chepesi chepesi, na harufu, binti yake akapiga kelele akisema ni usaha, jeli imeoza muguu. Enfirmie akaosha kwanza, kisha akatuonyesha: chini kidonda kilikuwa kimesafika, ganda limeanza kuinuka pembeni, lile la njano ni nyama iliyokufa ikichanganyika na jeli, mwili wenyewe unaikata na maji yake, kazi ya jeli ni kuweka unyevu tu. Akasema muangalie vitu hivi: wekundu unaotembea kwenye ngozi ukipanda, joto, uvimbe, homa, harufu ambayo inabaki ata baada ya kuosha. Hiyo mukiiona musingoje tarehe ya kubadilisha, mukimbie. Nashukuru sana alituambia, juu ningekuwa peke yangu na ile kelele nyumbani tungeitupa yote na kurudi kwenye vyole.

Polepole ganda likalegea, siku moja likaja lote na mukasi bila damu, chini nyama nyekundu, nzuri. Hapo jeli ilimaliza kazi yake, enfirmie akaisimamisha, tukaenda kwenye kompresi ya mafuta. Na niseme wazi: jeli peke yake isingefanya kitu kama mama mukubwa angeendelea kukanyaga kile kisigino sokoni. Alikaa, fundi viatu akamuchongea sandali yenye shimo pale kwenye kidonda, na sukari yake ikashuka kwa sindano za kufuata saa. Kama munataka kununua jeli na mugonjwa anaendelea kutembea juu ya kidonda, munatupa pesa. Uzito ukitoka kwenye kidonda, hapo njo kupona kunaanza, vingine vyote vinasaidia tu.

Sasa mambo ya dawa ndani ya jeli, juu hii ilileta ugomvi nyumbani. Jirani wetu, baba moja anasoma sana kwenye telefone, alisikia kwamba idrojeli inabeba dawa, na ni kweli, inabeba, akasema basi fungueni kapsile za ampisilini, muchanganye na ile jeli, mutakuwa na jeli ya antibiotiki kwa bei ya chini. Watu wakaona ni akili. Mimi nikakataa na bado nakataa, na nataka nieleze vizuri juu najua si yeye peke yake amefikiria hivo.

Ile jeli yenye kubeba dawa, siri yake iko kwenye ukubwa wa matundu ya ule wavu. Fikiria wavuvi wetu wa sambaza usiku kwenye Kivu: wavu wenye matundu makubwa, sambaza inapita yote, wenye matundu madogo inabaki. Watengenezaji wa jeli za dawa wanafanya hesabu hiyo hiyo, wanapima molekuli ya dawa, wanafunga nyuzi za polima karibu karibu ao mbali mbali, ili dawa itoke kwa mwendo wanaoutaka. Kuna moja kwa wamama wa kujifungua, inaitwa Cervidil, Ulaya wanaiita Propess, ni kipande kidogo cha idrojeli chenye miligramu 10 za dinoprostoni, kinawekwa kwenye uke ili mulango wa kizazi ulainike, na dawa inatoka kama miligramu 0.3 kila saa, na kiko na kamba, uchungu ukiwa mukali sana daktari anavuta kamba, dawa inasimama. Angalia hiyo akili! Lakini kinakaa kwenye kongelateri mupaka saa ya kutumika, na hapa kwetu umeme munaujua. Kuna ingine, Supprelin LA, kijiti cha idrojeli chenye miligramu 50 za histrelini, kinaingizwa chini ya ngozi ya mukono wa mutoto anayebalehe mapema kupita kiasi, kinatoa dawa mwaka muzima. Na kwa vidonda vya sukari vyenyewe Marekani waliruhusu tangu 1997 jeli inaitwa Regranex, ndani wameweka protini ya kuamusha ukuaji wa nyama, nayo lazima ikae kwenye frigo.

Sasa linganisha na poda ya kapsile tunakoroga kwa kijiko. Ampisilini ni molekuli ndogo, jeli ya tyubu yetu matundu yake ni makubwa na legevu, dawa itamwagika yote saa za kwanza, kisha hakuna. Tena ampisilini ikikutana na maji inaanza kuharibika yenyewe. Tena kapsile haikutengenezwa iwe safi ya kuingia kwenye nyama wazi, iko na poda zingine za kujazia, na mutu mwenye aleji ya penisilini anaweza kupata shida kubwa kupitia kidonda vilevile. Na hizi mikrobe zetu tunazizoesha dawa kidogo kidogo, kesho mutoto akiwa na nimonia dawa inakataa. Jeli inabeba dawa ikiwa imejengwa kwa ile dawa. Baba jirani alisikiliza, tukabaki marafiki.

Huduma ya farmasi sasa, juu hapa niko na malalamiko na niko na sifa.

Farmasi moja, sitaitaja, niliuliza idrojeli, kijana akaniambia iko, akaingia nyuma, akatoka na serengi kubwa imejaa jeli ya bluu. Nikamuuliza hii imetoka wapi. Akanionyesha kibido cha jeli ya ekografi, ile ya kupima mimba kwa mashini. "Yaya, yote ni jeli ya maji, hii bei ya chini." Nilisikia mwili unaniishia nguvu, juu najiuliza ni wangapi amewapa. Jeli ya ekografi ni ya kupaka kwenye tumbo lenye ngozi nzima, vile vibido vingi si sterile (yaani havikusafishwa mikrobe zote), na kuna hospitali huko inje zilipata milipuko ya bakteria inaitwa Burkholderia cepacia kutokana na jeli ya ekografi iliyochafuka, na zile ni hospitali zenye laboratware ya kugundua. Sasa weka ile kitu ndani ya kidonda cha mugonjwa wa sukari. Ndugu zangu mukipewa jeli kwenye serengi, mukipewa jeli ya rangi ya bluu, mukipewa jeli bila kartoni, mutoke.

Pahali pengine walikuwa na tyubu halisi lakini wanaigawa, wanakamua nusu kwenye kopo kidogo wanakuuzishia nusu bei. Naelewa kwa nini, hapa tunanunua ata kidonge kimoja kimoja, pesa haiko, na mwenye farmasi anaona anasaidia. Lakini angalieni kwenye kartoni, kuna alama ndogo, namba 2 ndani ya duara, imekatwa na musitari. Hiyo inasema usitumie mara ya pili. Tyubu ni sterile mupaka siku ncha inakatwa, kuanzia hapo maji yote ile njo chakula kizuri cha mikrobe. Kuna tyubu zingine zinaruhusu mugonjwa moja kuendelea nayo siku chache, hiyo nayo imeandikwa kwenye karatasi ya ndani, musome.

Tuliyoinunua tuliipata farmasi moja upande wa Rond-point Tchukudu, na wale niwasifu kwa moyo. Dada wa pale kabla ya kuuzisha aliniuliza kidonda kinatoa maji ao hakitoi. Sijawahi kuulizwa hivo na muuzaji wa dawa katika huu muji. Nikamuambia kikavu, akasema sawa, akafungua kartoni mbele yangu, tukasoma tarehe pamoja, akaangalia kama tyubu haijatobolewa, akaniandikia fakitire na jina na namba ya loti. Mama moja nyuma yangu alitaka vilevile, kidonda cha bwana wake kilikuwa kinalowanisha bande mara mingi kwa siku, dada akamukatalia, akamuelekeza kwenye kompresi za kunywa maji na kumuambia apitie kwa daktari kwanza. Alikataa pesa. Bei kwao ni dola 9, pahali pengine nilisikia 12 kwa tyubu ileile. Kuhusu kuitunza, kartoni inasema chini ya digri 25, na kwa Goma yetu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, kabati lenye kivuli linatosha, frigo haihitajiki, hiyo ni faida kubwa kuliko zile jeli zenye protini.

Kwa kuungua, maana njo swali nimepata mara mingi tangu watu wajue tumetumia hii kitu. Watoto wetu wanaungua na sufuria ya maharagi, na chai, na mbabula iko chini kwenye uwanja kila nyumba. Kuna jeli za kuungua zimetengenezwa kwa kazi hiyo, plaki laini zenye maji, na kwa kuungua kudogo kwa juu zinapunguza maumivu vizuri sana. Lakini ya kwanza ni maji, maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, ata kama ni ya bido unamimina polepole na kopo, na inasaidia ata kama saa moja ao mbili zimepita, mupaka saa 3. Siyo dantifrisi, siyo mafuta, siyo yai. Mutoto mudogo aliyeungua pahali pakubwa, poza pale alipoungua lakini mwili mwingine umufunike asipate baridi, na usimuzungushie jeli mwili muzima, joto la mwili linashuka na hiyo nayo inaua. Kuungua kwa uso, mikono, sehemu za siri, ao ngozi imekuwa nyeupe ao nyeusi na mutoto hasikii pale, hiyo si mambo ya farmasi tena, ni hospitali yenye wapasuaji, Heal Africa, Ndosho, usiku uleule.

Zile plaki nilizishika tu farmasi, ni nzuri, zinakatwa na mukasi, lakini bei yake ni ya juu sana na kwa shimo la kisigino hazingeingia vizuri, ya tyubu njo inajaza pembe zote.

Kama huwezi kupata jeli kabisa, enfirmie alituambia wamefanya miaka mingi na kompresi iliyoloweshwa serumu ya chumvi, ikifunikwa vizuri na kubadilishwa kabla haijakauka, kazi yake inafanana, tofauti ni kwamba inabidi uwe pale mara mingi kwa siku, na mutu mwenye anaenda sokoni ao shambani hawezi. Jeli unalipia ule muda. Kwa familia yenye mutu wa kukaa nyumbani na mugonjwa, mimi ningesema jaribuni hiyo kwanza, na muweke dola 9 kwa vipande vya kupimia sukari.

Kwangu mimi tyubu napatia nyota 4 kwa 5, nyota moja imetoka kwa ajili ya ukubwa. Gramu 15 kwa kidonda cha ukubwa wa sarafu ni nyingi, nusu inatupwa kila mara na inauma moyo kutupa. Kuna watengenezaji wanafanya tyubu za gramu 8, sijaziona hapa Goma. Mwenye ameziona, iwe hapa ao Bukavu ao ng'ambo Gisenyi, aniandikie bei na pahali, kuna mama wa Ndosho ananiuliza kwa ajili ya bwana wake, na kidonda chake ni kikavu, mupigo wa damu wameangalia, uko muzuri.